Nilipowaulizia Akina Minani Wote

Jamani, leo nimeaibika Kasulu, na aibu imesikika hadi Kibondo.

Jana sikupata usingizi kwa wazo moja: niiwekee kompyuta mipaka, au nisiiwekee? Kompyuta ya ofisi yetu ina majina ya wakimbizi wa kambi zote za huku. Ukiiuliza swali fupi, inajibu. Ukiiuliza habari za mtu, na ndugu zake, na ndugu wa ndugu zake, inaganda. Nikiweka mipaka, huenda mtoto wa mtu akakosekana. Nisipoweka, mashine itafia mikononi mwangu. (Ipo moja tu. Na mimi nina miezi miwili kazini.) Asubuhi nikaamua kutoamua.

Saa nne redio ya ofisi ikaita. Alikuwa dada Jenoveva, mwenzetu wa Kibondo.

"Kasulu, nina mama hapa. Anamtafuta mwanawe, Minani, miaka tisa. Lori la kuleta watoto huku linatoka kwenu saa sita, sivyo?"

Saa sita kamili. Lingine ni baada ya wiki tatu.

Je, kama jina liliandikwa vibaya? Kama yuko kwa shangazi? Kama shangazi naye kahama? Basi nikauliza yote kwa mkupuo: kila Minani, ndugu zake, ndugu wa ndugu zake, na kila aliyelala nao hema moja. Nikabonyeza.

Mimi ni Muha. Kwetu, kama kwa Warundi, Minani ni mtoto wa nane. Baba yangu mdogo ni Minani! Na huku nani hana mtoto wa nane?

Printa ikaanza. Minani. Minani. Minani. Karatasi ikashuka mezani, ikapita chini ya kiti, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha meneja. (Bila shaka alikuwa mlangoni.) Kisha skrini ikaganda. Saa tano na nusu.

Nikaikumbatia. Kweli kabisa, nilikumbatia kompyuta.

"Nakusihi, usife leo! Nitakufuta vumbi kila siku! Huyu meneja atanirudisha kijijini nikalime mihogo!"

Nilipoinuka, redio ikalipuka kwa kicheko. Kumbe kiwiko changu kilikuwa kimebana kitufe cha kuongelea muda wote.

"Kasulu, tumekusikia," akasema Jenoveva. "Na foleni nzima imekusikia. Mama anataka kusema nawe."

Sauti ya mama ikaja taratibu. "Mwana wanje, mwanangu, usilie." (Yeye ndiye aliyepotelewa na mtoto, lakini mimi ndiye niliyebembelezwa!) "Mbona hukuniuliza jina la baba yake? Ni Sindayigaya, wa kilima cha Gasenyi."

Nikazima. Nikawasha. Nikasali. Minani, jina la baba, kilima (kwa Warundi, kilima ndicho kijiji). Basi.

Jibu likaja moja tu: kituo cha watoto, Kasulu, kitanda cha kumi na nne. Nilikimbia hadi kituoni na viatu visivyofungwa. Dereva alishawasha injini. Mtoto akapanda.

Niliporudi nikaweka mipaka, bila kufikiri mara mbili. Swali lisilo na jina la baba na kilima haliingii. Ndugu wa ndugu, marufuku. Nikabandika tangazo ukutani.

Haikupita nusu saa, meneja akaja.

"Kijana, nitolee majina yote, pamoja na ndugu zao wote."

"Haiwezekani, bosi."

Akasoma tangazo, akaniangalia, akaenda zake. Msinicheke, nami nikachukua kitambaa, nikaifuta kompyuta vumbi.