Kiyoyozi cha Lushoto

Abubakari aliliona lile gari kabla ya kumwona mwenyewe, na moyo wake ukaruka. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya soko la Lushoto, pembeni ya marundo ya kabichi: gari kubwa jeupe lenye kitanda, jiko, choo na mapazia ya maua. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na wauza karoti wamejifunga mablanketi. Sisi watu wa Lushoto hatupendi kuonekana tunashangaa, kwa hiyo tulikuwa tumelizunguka tangu asubuhi, kila mmoja akijifanya anapita tu.

Mlangoni alikaa mama mtu mzima, kanga moja kichwani na nyingine mabegani, anakunywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mji huu una fundi wa umeme wa magari? Nataka fundi hasa, si hawa wa kubahatisha."

Abubakari alitazama huku na huku, kana kwamba anamtafuta fundi huyo kwenye umati. Kisha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mimi sipendi kujisifu, mama."

Baada ya hapo akajisifu mpaka chai ikapoa. Alijiita Injinia Abuu. Uinjinia wake wote ulikuwa ovaroli ya buluu na balbu moja aliyowahi kuibadilisha msikitini, ambayo nayo haikuwaka. Lakini ovaroli ilikuwa imepigwa pasi, na mbele ya ovaroli iliyopigwa pasi watu wengi husahau kuuliza maswali.

Mama alijitambulisha kwa jina la Bi Mwanaheri, nesi mstaafu wa Tanga. Alisema gari amelinunua kwa wazungu waliorudi kwao, na anataka kulikodisha kwa watalii wanaokwenda Mkomazi. Shida ni joto la huko chini. Betri nne zilizomo zinachoka mapema, na kiyoyozi cha juu ya paa kinakoroma tu bila kupoza.

"Nataka betri za lithiamu zenye nguvu, na AC mpya. Mtalii akilala humu, ajione yuko ndani ya friji."

"Atajiona," alisema Abubakari. "Hivi vya zamani nitakuondolea mimi mwenyewe, nikavitupe mbali. Vina sumu."

"Mungu akubariki. Vitupe hata leo."

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mama anaachia mali upesi namna hiyo. Abubakari hakujiuliza, maana alikuwa ameshaanza kutumia hela. Alipakia betri na kiyoyozi kwenye pikipiki yake, akateremka navyo Soni kwa Issa, mnunuzi wa vitu chakavu ambaye hapendi kuuliza kitu kimetoka wapi. Issa alikuwa amekwenda Bulwa, kwa hiyo mzigo ukaachwa stoo.

Hapa inabidi niseme kuhusu hiyo pikipiki. Ndiyo mali pekee ambayo Abubakari aliipata kwa jasho. Alibeba magunia ya viazi kutoka Gare mpaka mgongo ukakataa, akainunua, na tangu siku hiyo akaapa hatabeba tena gunia. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mkewe Zakia hakuruhusiwa kukigusa. Mtu akimwita mwizi, aliionyesha kwa kidole na kusema, "Hii je?" Alikuwa anaipenda kweli.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri kupita kiasi. Alitafuta makasha manne ya plastiki, akayajaza udongo mwekundu ili yawe mazito, akayabandikia nembo za umeme. Kasha moja alilitia betri ndogo ya pikipiki, ya kuwasha taa ya kijani na kuzungusha feni. Feni akaiweka juu ya paa ndani ya boksi jeupe. Kazi iliyobaki aliiachia Lushoto ifanye. Ukifungua tundu kwenye paa mwezi wa Julai na kuvuta hewa ya nje, unahitaji kiyoyozi cha nini?

Bi Mwanaheri alikaa kitandani, Abubakari akabonyeza swichi. Ukungu wa Usambara ukamshukia mama shingoni.

"Jamani!" alisema, meno yakigongana. "Zima, mwanangu, usije ukaniua! Hii ni AC au jokofu la maiti?"

"Hapo iko namba moja tu, mama."

"Basi kesho tunashuka Mombo. Hela ya vifaa na ya ufundi wako nitakulipa huko, tukishaijaribu."

Abubakari alikohoa. Alikuwa na udhuru wa aina saba, lakini hata mmoja haukufaa. Kwetu fundi hasemi kazi imekwisha mpaka apande gari pamoja na mwenye gari wakalijaribu. Anayekataa majaribio amejitangaza mwenyewe.

"Na pikipiki yako tuifunge hapa nyuma," aliongeza mama. "Utarudi nayo."

Waliteremka asubuhi. Mpaka Soni mambo yalikuwa mazuri, feni inapuliza baridi, mama anaimba kaswida. Baada ya Soni kona zikaanza kuongezeka na hewa ikaanza kubadilika. Kila walipokata kona, feni ilivuta hewa ya huko waliko kwa uaminifu mkubwa. Walipofika nusu ya safari ilikuwa inapuliza vuguvugu. Mashamba ya mkonge yalipoonekana, ilikuwa inapuliza moto.

Abubakari hakuvua sweta. Alijikunyata, akasugua viganja. "Baridi hii, mama!"

"Baridi kali," alijibu Bi Mwanaheri, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Akajifunga kanga ya tatu. "Nadhani hata mafua yameshanianza."

Abubakari alimtazama kwa huruma. Alijisemea kwamba hajawahi kupata mteja mjinga kiasi hiki, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaona aibu kidogo. Aibu hiyo ilidumu mpaka Mombo.

Mama aliegesha kando ya barabara kuu. "Wakala wa pesa yuko kule mwisho, na miguu yangu imevimba. Nipe ufunguo wa pikipiki nikuletee chako."

"Mama unajua kuendesha?"

"Mwanangu, nimekuwa nesi wa vijijini. Unafikiri chanjo zilikuwa zinatembea zenyewe?"

Angemnyimaje mama mzazi wa watu, anayekwenda kumletea hela? Akampa. Bi Mwanaheri aliifungua pikipiki nyuma ya gari, akakunja kanga, akapiga kiki mara moja, akashika barabara ya Tanga. Alimpita wakala bila hata kupunguza mwendo.

Simu ikaita. Alikuwa Issa.

"Mgoshi wangu, umeniletea nini? Betri zako zimejaa mchanga! Na hiyo AC ni ganda tupu."

"Mchanga gani?"

"Mweupe, wa pwani. Umechekechwa vizuri kabisa."

Abubakari aliyatazama makasha yake. Yeye udongo wake hata mawe hakuutoa. Kisha akaikumbuka pikipiki, na hapo ikamuuma kweli, machozi yakachanganyika na jasho.

Mlango ukagongwa. Kijana nadhifu akaingia, akasema anaitwa Kristian, kutoka Tanga kwenye kampuni inayokodisha haya magari. Bi Mwanaheri alikuwa amelikodi kwa wiki moja, na jana usiku alipiga simu kusema leo gari litakuwa Mombo na fundi wake ndani.

"Lilitoka kwetu na betri mpya na kiyoyozi kizima. Mama anasema umebadilisha vyote wewe, na Lushoto nzima imekuona ukivipakia. Kweli?"

Akikana kwamba ni fundi, basi ni mwizi ndani ya gari la watu. Abubakari akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Ndiyo. Mimi ndiye Injinia Abuu."

Kristian aliinua kiganja kwenye tundu la paa. "Mbona AC yako inapuliza moto?"

Ulimi haukumwangusha Abubakari. "AC? Hapana, kaka. Hii ni hita. Mama aliagiza hita, kwa ajili ya watalii wa Lushoto. Kule kuna baridi sana."

Kristian aliinua tena kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. "Hita nzuri," alisema. Akakaa kwenye usukani, akafunga milango yote kwa ndani. "Twende Lushoto ukanionyeshe inavyofanya kazi."

Gari likageuka kuelekea mlimani. Kwenye kona ya kwanza Abubakari alinyoosha mkono chini ya feni, akafumba macho, na akamwomba Mungu kwa moyo wake wote Lushoto ya leo iwe na joto.