Mikono Iliyobaki Juu

Jumatatu, 3 Machi 1958

"Zoezi lisilotoa jasho ni la mgonjwa au la mtu anayetega kazi." Hivyo ndivyo Micah alivyoandika kwenye ubao wa matangazo wa Ukumbi wa Reli, kisha akatia sahihi kana kwamba yeye ni serikali. Micah ni fundi wa boila na mwalimu wa ngumi. Shingo nene, hoja nyembamba. Nimemjibu leo hii, chini ya karatasi yake, kwa wino mwekundu wa ofisi ya mizigo. Nimemuuliza mwezi ulitoa jasho lini. Nimemuuliza kama ngano ya Njoro hupanda kutoka ardhini ikihema. Mpaka jioni hakuwa amejibu. Atajibu nini?

Micah hajaona nilichokiona. Mwaka wa arobaini na nne, hospitali ya jeshi, Assam. Mguu wangu kwenye plasta, kitanda changu dirishani. Kila alfajiri mzee wa Kichina alitoka uani amevaa pajama za mistari. Alivuta pumzi. Alikohoa kidogo. Akainua mikono polepole, kama mtu anayeinua shuka lililolowa kutoka ndani ya mto, mpaka ikafika juu ya kichwa. Kisha, mikono ikiwa bado juu, akatembea taratibu na kupotea nyuma ya tangi la maji. Sikuona mwisho wake hata siku moja. Muuguzi alisema jina la jambo lile ni taichi. Miaka yote hii, nikifumba macho, naliona lile tangi.

Darasa langu hukutana alfajiri kwenye nyasi za mbele ya ukumbi. Micah anazitaka nyasi hizo hizo kwa mabondia wake. Kamati ya ukumbi itaamua Jumamosi. Tukizikosa, taichi imekufa Nakuru, nami nimezikwa pamoja nayo.

Jumanne, 4 Machi

Wanafunzi wote walifika. Chepkemei anayetuletea maziwa landhini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, Ndung'u wa karakana ya mabehewa, na mke wangu Nekesa. Nekesa sikumwalika. Alikuja mwenyewe. Bega lake la kulia halipandi kupita kidevu tangu aanguke na debe la maji mwaka jana. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga kitambaa kichwani. Huwa kinakaa upande. Hajawahi kulalamika, ila hupita vichochoroni akienda sokoni.

Leo walikuja na maswali ya watu wapya. Ndung'u aliuliza kama huu ni ugomvi au ni dansi, na kama ni ugomvi, adui atangoja kweli? Nikamwambia adui mwenye adabu atangoja. Chepkemei aliuliza kama ni maombi, maana mchungaji wake atataka kujua. Nikasema si maombi. Akauliza basi mbona tunainua mikono. Nikasema swali linalofuata. Akauliza kama hajazeeka mno. Nikamjibu kwamba yule wa Assam alikuwa na umri wa kuwazaa babu zetu. Nekesa aliuliza tuvae nini. Nikasema pajama, bila shaka, na ndiyo sababu nimevaa zangu. Ndung'u akasema yeye hulala na shati la kazi, je, linahesabika?

Wakauliza matokeo yataonekana lini. Nikawaambia kuuliza hivyo ni kuharakisha, na anayeharakisha ameshashindwa.

Kuhusu pumzi nilieleza kwa makini. Vuta, kohoa kidogo, inua. Kikohozi ndicho kinachofungua mlango wa kifua. Tulikohoa kwa pamoja, vizuri sana, na kunguru wakaruka kutoka paa la ukumbi. Tukainua mikono. Ukungu kutoka ziwani ulikuwa umefika magotini. Nilihisi kama Nakuru nzima imezama majini na sisi tunakua humo ndani. Askari aliyekuwa akipita aliuliza kama tuna kibali cha mkutano. Nikamwambia hatusemi neno lolote, tunasimama tu. Alifikiri sana, akaenda zake.

Tatizo ni moja. Mikono ikishafika juu, somo limekwisha, kwa sababu nami sijui zaidi. Hupiga kofi na kila mtu huenda nyumbani. Chepkemei amesema jana alifika langoni kwake bado hajui aishushe vipi.

Jumatano, 5 Machi

Hila ya Micah. Tumekuta nyasi zote zimezungushiwa kamba za ndondi, yeye katikati akiruka ruka kama maharage yanayochemka. Akaniita kwa sauti, "Karani, leta watu wako walale humu, nyasi ni laini." Mabondia wake wakacheka.

Nilikuwa na mpango tayari. Nikalihamisha darasa hadi ukanda wa nyasi kando ya reli, karibu na swichi ya kubadilishia njia. Hewa safi, mandhari ya Menengai, hakuna kamba. Tukavuta pumzi, tukakohoa, tukainua. Nikawaambia leo tukae juu muda mrefu, mpaka tusikie damu ikitembea.

Treni ya maziwa ya Njoro ikaja. Ikapunguza mwendo. Ikasimama mbele yetu, ikishusha pumzi yake nyeupe. Mikono yetu ilikuwa bado juu, nayo treni imetulia. Dereva alitutazama kutoka dirishani, nasi tukamtazama. Mvuke ulitupita miguuni. Nilifikiri: hata injini inaelewa. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nafikiri ndio wakati mzuri kuliko wote niliowahi kuishi.

Ndung'u ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, bila kushusha mikono, "Mwalimu, mikono miwili juu kando ya reli ni simama, kuna hatari." Nafanya kazi relini tangu nitoke jeshini. Najua ishara hiyo kuliko jina langu. Lakini mtu hawezi kuwa karani na mwalimu kwa wakati mmoja.

Nikampungia dereva mkono aondoke. Nilipunga polepole, kwa mtindo wetu, na kumbe ishara hiyo ilimwambia arudi nyuma. Akarudi nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Stesheni masta aliniita. Hakupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema maziwa ya watu yalirudi nusu ya njia ya Njoro. Alisema karani akionekana tena na mikono juu karibu na reli, ataenda kuinua mikono Kisumu, kituo kingine, kwa uhamisho. Tena yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Nilimweleza kwamba kosa ni la dereva kwa kukosa kutofautisha falsafa na ishara. Alinitazama kwa huzuni.

Kwa hiyo hakuna mahali pengine. Ni nyasi za ukumbi au hakuna kitu. Jumamosi kila upande utaonyesha mchezo wake mbele ya kamati, nami sina mwisho wa kuonyesha.

Nekesa hakuniita asubuhi kumfunga kitambaa. Nilimkuta ameshakifunga, kimekaa sawa, fundo liko nyuma kabisa. Sijui nimemkosea nini.

Ijumaa, 7 Machi

Niliomba ruhusa ya kuumwa na tumbo, nikaenda ziwani kutafuta mwisho. Heroe walikuwa wengi hata ukingo wa maji ulionekana kama kitambaa cha waridi kilichoachwa kukauka. Kila mmoja kwenye mguu mmoja. Nikavua viatu, nikasimama nao. Magadi yalipeperuka juu ya tope, meupe kama unga. Upepo ulikuja, ukapita, ukasahau ulikokuwa unakwenda. Nikangoja mmoja ashushe mguu ili nione wanamalizaje. Hawakumaliza. Nikaanza kuona kwamba mimi pia ni ndege, na kwamba Micah ni kelele tu ya mbali.

Nilipozinduka mguu ulikuwa umezama topeni hadi gotini na kiatu kimoja kimechukuliwa na mbwa.

Nimepata jibu hata hivyo. Taichi haina mwisho. Nitaiambia kamati hivyo, kwa sauti thabiti.

Jumamosi, 8 Machi

Kamati ilikaa kwenye viti barazani. Mabondia wa Micah walianza, wakarushiana ngumi, mmoja akatoka pua ikivuja damu. Stesheni masta hapendi damu. Nikaona tumeshinda.

Zamu yetu. Pajama zangu zilikuwa zimepigwa pasi. Tukavuta, tukakohoa, tukainua. Nekesa alikuwa mbele yangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imenyooka. Nikakumbuka kwamba sikumwambia asimame nyuma, maana ni mrefu ananizuia kuonekana.

Kisha sauti ya Micah kutoka ukutani. "Halafu?"

Nikasema hakuna halafu. Nikaanza kueleza kuhusu heroe. Micah akaja kwenye nyasi, akanipita, akasimama mbele ya wanafunzi wangu huku mikono yake ikiwa juu. Kisha akaishusha. Sikuwahi kuona mtu mzito akifanya jambo jepesi hivyo. Viwiko kwanza, halafu viganja, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nekesa akashusha pamoja naye. Chepkemei pia. Ndung'u akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Kumbe naye alikuwa Assam. Hospitali ile ile, wodi ya upande wa pili wa uani. Kila alfajiri alimwona mzee akitokea nyuma ya tangi, mikono juu, akiishusha. Hakuwahi kuona anavyoanza. Anasema aliposoma majibu yangu ya wino mwekundu hakujua kama nazungumzia jambo lile lile, maana mwezi na ngano vilimchanganya. Alijua leo, alipotuona na mikono juu.

Akaongeza, mbele ya kamati nzima, kwamba yule mzee alikuwa mgonjwa wa kifua, ndiyo sababu alikohoa, na kwamba alivaa pajama kwa sababu alikuwa amelazwa.

Watu walicheka. Stesheni masta alicheka mpaka akavua miwani. Uamuzi: nyasi ni za taichi kila alfajiri, lakini Khisa, yaani mimi, na Micah wafundishe pamoja. Khisa aanze, Micah amalizie. Ngumi zihamie jioni. Mmoja wetu akikataa, nyasi zifungwe kwa wote.

Jumapili, 9 Machi

Micah alikuja baada ya ibada. Nekesa alimpikia chai na kumkaribisha kiti changu. Alimwambia Micah kwamba tangu aanze kuinua mkono, usiku bega halimwamshi tena. Alisema nami niko hapo, kana kwamba ni habari ambayo tayari ninayo.

Tulikaa nje. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Nilimuuliza Micah jambo nililolibeba miaka yote. Nyuma ya tangi, yule mzee alifanya nini? Micah akaweka kikombe chini polepole. Akasema, "Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua." Upande wake pia tangi lilimficha. Nililiona tangi lile, jeusi, lenye umande, na sisi vijana wawili madirishani, kila mmoja akingoja upande wake. Kwa kitambo kidogo sikuwa na hoja yoyote dhidi yake.

Alipoondoka Nekesa alisema, "Baba Ruth, kesho umwachie amalizie. Mikono yangu huchoka huko juu." Nikasema sawa.

Halafu nikafikiri. Aliyepewa mwisho ndiye anayekumbukwa. Watu watatoka pale wakisema Micah ametushusha vizuri. Mtego huo nimeuona.

Jumatatu, 10 Machi

Nilianza kama tulivyokubaliana. Kikohozi nimekibakiza, jambo haliwi kosa kwa sababu tu mgonjwa alilifanya. Tukainua. Micah alikuwa kando akingoja nimpishe. Sikumpisha. Kamati ilisema nianze, haikusema kuanza kunakwisha lini. Nikawaambia bado tunaanza.

Ukungu ulikuwepo, kama siku ile. Mikono ilianza kutetemeka. Chepkemei alinung'unika kuhusu maziwa yake. Micah alinitazama kama watu wanavyonitazama siku hizi. Nekesa alinigeukia, akanitazama kwa muda, kisha akashusha. Viwiko kwanza, halafu viganja. Wote wakamfuata. Wakatawanyika wakizungumza, Micah kati yao, na Nekesa akirekebisha kitambaa chake kwa mkono wa kulia.

Nilibaki peke yangu, mikono juu. Kutoka kwenye nyasi za ukumbi mtu huonekana vizuri hadi kwenye reli; hilo sikulikumbuka. Treni ya maziwa ilisimama. Stesheni masta ametuma ujumbe nimwone saa tatu.

Kabla ya kwenda kwake nabandika haya ubaoni, kwa wino mwekundu. Chepkemei, Ndung'u, na wewe Nekesa mke wangu uliyeanza kushusha: kesho alfajiri njooni kwenye nyasi na pajama, kohoeni, inueni mikono, wala msimtazame Micah. Msiishushe mpaka niwaambie mimi.