Vita vya Daktari wa Meno na Jokofu katika Jioni ya Fidla

Tegeni masikio, enyi mliokwisha kula na enyi msiokula bado, na mwenye kikohozi akikohoe sasa hivi, maana inakuja habari ya Daktari wa Meno, Mng'oa Magego, Mtuliza Mashavu Yaliyovimba, na jinsi alivyokwenda vitani ndani ya jiko lake mwenyewe, akiwa na soksi miguuni na tai shingoni.

Jioni hiyo majirani kumi na wanane walibanana sebuleni kwake penye viti kumi na vinne. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa apige fidla mbele za watu kwa mara ya kwanza. Miaka tisa alijifungia jikoni na muziki wa baroko, ule wa kale unaopigwa chumbani na watu wachache, asisikiwe na mtu ila masufuria. Sasa mdogo wake alikaa kwenye kinanda, na mfamasia wa jirani akashika filimbi.

"Nikikwama leo," alikuwa amemwambia mumewe asubuhi, "fidla hii naigawa. Sitaki kuiona tena."

Daktari alimpenda mkewe sana, akaogopa kwa niaba yake. Basi wapigaji walipoanza polepole, naye akasikia jokofu likinguruma kule jikoni, damu ilimchemka. Akavua viatu, akavuka magoti ya majirani mmoja mmoja, akaingia jikoni. Hapo akamkuta Mama Mkwe, Mlinzi wa Aiskrimu, ameketi mbele ya jokofu na mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi huko nyuma ya jokofu, baba?"

"Nipishe, mama yangu!" akanena kwa kunong'ona. "Dude hili linamharibia mwanao siku yake, nami sitakaa kitini nikitazama. Leo ama lizimike, ama nilale sakafuni!"

"Na aiskrimu yangu je? Nimekoroga tangu asubuhi kwa mkono huu unaoniuma! Haya, zima. Lakini watu wakiletewa uji wa vanila, utasimama wewe uwaeleze."

Shujaa akainamisha kichwa kwa heshima, akavuta pumzi, akajipenyeza kati ya jokofu na ukuta, penye vumbi la tangu harusi yake. Akaishika plagi. Akaing'oa kwa mkupuo mmoja, bila ganzi.

Jokofu likanyamaza. Na fidla nayo ikanyamaza.

"Nani kazima friji?" Ilikuwa sauti ya mkewe kutoka sebuleni. "Jamani, miaka tisa napiga nayo! Nyuzi zangu nazilinganisha na mngurumo wake, hata hawa wenzangu leo tumelinganisha nao. Bila hiyo sijui niko wapi."

Kisha kikasikika kifungo cha sanduku la fidla kikifunguliwa.

Enyi wasikilizaji, hapo Mng'oa Magego alitaka ardhi impasukie! Maisha yake yote alikuwa mtu wa kung'oa. Sasa ilimpasa kurudisha. Akapapasa ukuta gizani, akakosa tundu, akapiga chafya, akakosa tena. Mara ya tatu plagi ikaingia. Jokofu likakaa kimya kama linafikiria. Mama Mkwe akalizaba kofi la ubavuni, likatikisika, likakohoa, likanguruma.

"Imewaka, mwanangu!" akapaza sauti. "Piga!"

Naye akapiga. Akapiga mpaka mwisho bila kukwama, na watu waliokuja kwa ajili ya aiskrimu wakaisahau. Plagi ilikuwa imelegea, kwa hiyo Daktari aliishikilia kwa mikono miwili muda wote, shavu ukutani, machozi yakimtoka. Baadaye alisema ni vumbi.

Makofi yalipotulia, mkewe akatambulisha wenzake. "Kwenye kinanda, mdogo wangu. Kwenye filimbi, jirani yetu." Akageukia mlango wa jikoni. "Na kwenye friji, mume wangu."

Ukumbi mzima ukasimama, hata wale wanne waliokuwa wamesimama tangu mwanzo wakajinyoosha zaidi. Shujaa hakuweza kutoka alipokwama. Akainua mkono mmoja juu ya jokofu, mweusi kwa vumbi, akawapungia mataifa.