Mwano wa Sekunde Saba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeitwa ofisini kwa mkuu wa shule, Madam Paskazia. Nikaenda nimechomekea shati, nikijua ni pongezi. Timu yangu ya kikapu ya wasichana imefungwa mechi saba mfululizo, ni kweli, lakini ya saba tulifungwa kwa tofauti ndogo kuliko ya sita. Mwenye macho anaona maendeleo.

Hakuyaona. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema Jumamosi wasichana wa Kishapu wanakuja hapa Segese. Tukifungwa tena, mimi si kocha, na uwanja wa saruji, huo mmoja tulio nao, anakabidhiwa Madam Bhoke wa netiboli. Miaka minne nimeufagia uwanja ule kwa mikono yangu. Darasani nafundisha Jiografia saa nane mchana, hata ukuta unasinzia. Lakini nikipita senta watu wananiita Kocha. Hilo ndilo jina ninaloogopa kulipoteza.

Kutoka nje namkuta Madam Bhoke uwanjani na futi kamba. Nikamwuliza anapima nini. Akasema anapima tu.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata dawa. Kasi! Nimetazama video kumi na moja kwenye simu. Timu za maana hazitembei. Ukinyang'anya mpira, wote mnafyatuka kwenda goli la adui kabla hajageuka. Ndani ya sekunde saba mpira uwe kikapuni. Nikauandika mpango huo ubaoni, nikapiga mstari mara tatu.

Mazoezi yamenishtua. Salome, kapteni wetu, mrefu kuliko mimi, alidaka mpira akaukumbatia kama beseni la unga, akasimama. Wenzake nao wakasimama, wakanitazama. Apolonia, mwenye mbio kuliko wote, akanyoosha kidole kuomba ruhusa, akauliza kama akimbie sasa au asubiri. Sekunde ishirini na sita zilishapita.

Nikapuliza filimbi kuwaamsha. Wakaganda kabisa. Nimewafundisha mwenyewe miaka minne kwamba filimbi ni kusimama.

Salome akanieleza kwa adabu kwamba si uvivu, mwalimu, ila mtu hakimbii tu bila kujua kuna nini. Madam Bhoke alikuwa pembeni anatafuna karanga. Karanga zenyewe zilitosha.

Jumatano, 7 Mei

Jioni nilikwenda senta kununua sabuni. Mara ukapigwa mwano. Mimi nimekulia Shinyanga mjini, nyumba za serikali, mwano nilikuwa nausikia kwenye hadithi za babu: mtu ameibiwa ng'ombe, anapiga ukelele ule mrefu, na kila mwenye miguu lazima aache alichoshika akimbilie ulikotokea. Asiyekimbia anaitwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, kujieleza.

Leo nimeuona kwa macho. Senta nzima ilihama. Kinyozi alitoka na mashine mkononi, mteja wake nyuma yake amenyolewa nusu. Mama muuza dagaa alinipita. Halafu nikapitwa na kitu. Salome! Sketi ya shule imefungwa juu ya magoti, fimbo mkononi, anakula ardhi. Na Apolonia mbele yake, simwoni hata miguu. Ndio hawa hawa wa jana, walioomba ruhusa.

Mbuzi aliyeibiwa alikutwa nyuma ya kanisa anakula mabango ya mkutano wa injili. Kamanda wa sungusungu, Mzee Masele, aliporudi akanikuta nimesimama pale pale na sabuni. Akaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikamjibu nilikuwa nachunguza. Akaandika jina langu kwenye daftari.

Aandike tu. Mimi nimeshapata changu. Mwano unakimbiliwa ulikotokea. Basi kocha akae nyuma ya goli la adui, aupige kutokea huko.

Alhamisi, 8 Mei

Sekunde sita. Sikuamini, nikarudia. Sita tena.

Nilisimama nyuma ya goli, Salome alipodaka mpira nikaweka mikono mdomoni nikapiga mwano mdogo, wa chini chini, wa mazoezi. Kabla sijashusha mikono Apolonia alikuwa ameshatumbukiza mpira na anauliza mwizi yuko wapi. Madam Bhoke alipaliwa na karanga ikabidi apigwe mgongoni. Nimesubiri siku hiyo tangu ahamie kutoka Tarime.

Dosari ndogo. Mlinzi wa shule alitokea na upinde. Mama Aneth, mpishi, alitokea na mwiko. Nikawaambia ni mazoezi. Mama Aneth alirudi jikoni akakuta ugali wa wanafunzi mia nne umeungua, akaahidi kwamba makoko yote ya mwezi huu ni yangu. Kwa chakula cha mchana ahadi ameitimiza.

Ijumaa, 9 Mei

Mwalimu Amosi wa Hisabati, ambaye ana ng'ombe huko Samuye na kwa hiyo anajua kila kitu, amenifuata kwenye ofisi ya walimu. Amesema mwano hauchezewi. Amesema babu yake aliwahi kuona mtu aliyeupiga kwa utani, na kijiji kizima hakikumsemesha miezi sita, hata moto hakupewa. Nikamweleza kwamba sheria hiyo ni ya nje, na uwanja wangu uko ndani ya uzio. Akachukua chaki akaenda kufundisha.

Ila nikaona si vibaya kumtaarifu Mzee Masele. Nikafika hadi karibu na kwake. Nikafikiri: nikimtaarifu ataona naomba ruhusa, na nikiomba ruhusa atakataa, na akikataa nitakuwa nimekaidi. Bora nisiwe mkaidi. Nikaandika barua yenye heshima zote, nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi ya kijiji. Ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu.

Madam Bhoke kaniuliza, kwa upole ulionitia wasiwasi, kama sungusungu wana habari. Nikamwambia kimaandishi.

Jumamosi, 10 Mei

Nilimwomba mwamuzi benchi letu lihamishwe nyuma ya goli la Kishapu. Nikasema ni kivuli. Hakukuwa na kivuli, lakini akakubali. Mpira ukaanza. Salome akadaka, mimi mwano. Apolonia kikapuni! Wasichana wa Kishapu walipigwa na butwaa. Wawili walimwuliza kocha wao, Bwana Mwita, kimeibiwa nini. Mmoja akakimbilia basi lao kuhesabu mabegi. Hadi mapumziko tunaongoza ishirini na sita kwa kumi na moja. Madam Paskazia alinipungia mkono. Nilimtafuta Madam Bhoke kwa macho anione. Aliniona.

Sasa nije kwenye aibu. Kwenye kikapu, baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli. Nimewafundisha watoto sheria hiyo. Imo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza. Benchi letu lilibaki pale pale.

Salome akadaka, mimi nikapiga mwano kwa furaha zangu zote, na timu yangu yote ikageuka ikanijia mimi, nyuma ya goli letu wenyewe. Apolonia akafunga. Sekunde tano, haijawahi kutokea. Pointi mbili za Kishapu. Nikadhani amechanganyikiwa, nikapiga tena kumwamsha. Akafunga tena. Mara ya nne ndipo Bwana Mwita, mtu muungwana, alikuja akaninong'oneza kwamba goli lile ni langu.

Apolonia alikuwa analia. Nilijisikia vibaya sana, nikamwambia mbele ya wote kosa ni langu. Baadaye nikaongeza kwamba kwa sehemu ni la mwamuzi.

Nikakaa kimya, tukacheza kawaida yetu, yaani Kishapu wakatufikia na kutupita. Zimebaki sekunde kumi na mbili, wao thelathini na tatu, sisi thelathini na mbili. Salome kadaka! Nikawaza jina langu, nikawaza futi kamba ya Madam Bhoke. Nikakimbia uwanja mzima hadi nyuma ya goli la Kishapu, goli sahihi safari hii, nikapiga mwano wa mapafu yote.

Leo ni siku ya gulio. Hilo sikuliwaza.

Kwanza niliona vumbi. Halafu geti likalala chini. Waliingia na fimbo, na bodaboda, na majembe. Wachimbaji wa dhahabu waliingia na taa zao kichwani. Mzee mmoja aliingia na kuku aliyekuwa anamuuza. Na walichokiona ndani ni nini? Msichana mmoja anakimbia amebeba kitu, wengine tisa wanamfukuza. Wakamzingira Apolonia. Mama mmoja akampokonya mpira, akamtafuta mwenyewe. Hakuna aliyempiga, nashukuru Mungu, maana bibi yake alikuwa mstari wa mbele akamtambua. Lakini alibaki hatua mbili na goli.

Mzee Masele akapanda juu ya benchi akauliza nani amepiga mwano na mwizi yuko wapi. Apolonia akanyoosha kidole, kwa adabu, kama anavyoomba ruhusa. Salome naye. Timu nzima. Hata mlinzi wa shule.

Mashabiki wetu wamevamia uwanja, hivyo mwamuzi amewapa Kishapu ushindi. Nilikuwa na timu asubuhi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeitwa dagashida, baraza la sungusungu, baada ya ibada. Watu wameketi duara, mimi katikati. Mzee Masele akaniambia, bhebhe, wewe mwalimu, tulipokuhitaji ulisimama na sabuni, usipotuhitaji umetuita. Nikataja barua. Wakacheka kwa muda mrefu hadi nikaona aibu kwa niaba yao.

Hukumu: beberu mmoja, aliwe hapo hapo. Na miezi mitatu, kila mwano ukipigwa, mimi niwe wa kwanza kufika, jina langu liitwe. Nikauliza kama waliotoka mjini wana nafuu. Wakaongeza mwezi.

Jumatatu, 19 Mei

Wiki nzima sikuandika, magoti yaliuma. Miano minne tangu hukumu, kondoo watatu na baiskeli. Nimekuwa wa mwisho mara zote.

Leo nimesikia kishindo kikubwa. Madam Bhoke hakuvunja magoli ya kikapu. Wiki iliyopita aliomba timu yangu aifundishe mwenyewe. Na Jumamosi wameshinda ugenini, kwa mbio! Nikamwuliza Salome, Madam ametumia kelele gani. Akasema hakuna kelele, Madam aliwakalisha chini akamweleza kila mmoja akimbilie wapi na kwa nini. Yaani maneno tu. Nimekaa nikifikiria hilo kipindi kizima cha Jiografia, na nimeridhika kwamba ni bahati.

Mimi nimepewa netiboli. Wasichana wazuri, ila wazito kuinuka. Kosa langu lile nimelichambua vizuri: nilitumia mwano, kitu chenye wenyewe. Leo mchana nimezungumza na Nasibu, anayelipua miamba kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Ana king'ora. Kikilia mara tatu, anasema, hakuna anayebaki shimoni, watu wanatoka hata bila viatu. Nikamwuliza kama kuna baraza linalokisimamia. Akasema hapana. Sauti inafika kilomita nne tu.

Amenikubalia kuniazima. Nitakijaribu Jumamosi saa nne asubuhi, wachimbaji wakiwa kazini, ili nisisumbue mtu.