Okidi ya Marehemu Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa neno. Amesema nyumba hii ina viti sita na vyote vimekaliwa na maua yangu ya okidi, yeye anakula amesimama. Uongo! Vitano tu. Cha sita kina mfuko wa maganda ya miti. Amesema maonyesho ya maua yakiisha, Jumamosi ya wiki ijayo, ataamua: ama abaki, ama ahamie kwa dada yake moja kwa moja. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Dawa ni moja. Nishinde kikombe. Mwanamke gani atamwacha mume mwenye kikombe?

Nimekagua jeshi langu. Kipepeo Mweupe: mpole, anachanua miezi mitatu mfululizo, anaishi bafuni, lakini siku hizi kila nyumba inaye. Vanda: ananing'inia dirishani mizizi ikiwa uchi, hataki udongo wala chungu, anataka kunyunyiziwa maji kila asubuhi na kusifiwa. Kiatu: ua lake lina mfuko mbele, kama ncha ya kiatu. Nampenda kuliko wote, ndiyo maana amegoma kuchanua mwaka wa tatu sasa. Hakuna wa kikombe hapo.

Wa kikombe yuko ng'ambo ya ukuta. Jirani yetu, mjane wa fundi cherehani, ana okidi moja. Moja! Mwaka jana, baada ya mazishi, aliifunga kwenye ubao wa cherehani ya marehemu, ile ya miguu, iliyobaki kibarazani. Mizizi imekumbatia ubao wote. Sasa imetoa kikonyo chenye vitumba tisa. Tisa! Na mama wa watu hajui hata mbolea. Anaongea nayo tu.

Jumanne, 4 Machi

Mjane huenda kliniki ya presha kila Jumanne saa nne asubuhi. Nikamuaga bosi kuwa naenda kung'oa jino. Nikapanda ukuta na kisu.

Huu si wizi. Ni kugawanya mmea. Kila mfugaji wa okidi hugawanya. Nilitaka mashina matatu na kile kikonyo, basi. Lakini mizizi ikagoma kuachia ubao. Nikavuta. Naapa na yenyewe ikavuta. Mwisho nikakata pamoja na kipande cha ubao, upana wa kiganja. Hapo kanyagio la cherehani likashuka na kupanda mara moja, bila mtu. Upepo. Upepo mkali sana, ingawa majani hayakutikisika.

Nimeuweka mmea juu ya friji. Kazini bosi aliniuliza habari za jino. Asubuhi nilikuwa nimeshika shavu la kulia. Mchana nikashika la kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Vitumba vinanenepa. Mimi nakonda. Karani wa mapokezi, ambaye meza yake imegusana na yangu, amelalamika kuwa natikisa meza zote mbili na hawezi kuandika. Nikainama kutazama. Miguu yangu! Kisigino, vidole, kisigino, vidole, yote miwili pamoja, haraka haraka. Nikaiamuru itulie. Ilitulia ilipomaliza. Sijui ilimaliza nini.

Halafu bosi akapita, nikajisikia nikimwambia bega lake la kushoto limeshuka nusu inchi. Amekaa msalani dakika kumi akijitazama kwenye kioo. Limeshuka kweli.

Uchovu tu huu. Nimekunywa maji mengi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameuliza nani ameshona pindo la gauni lake la bluu, lililofumuka tangu mwaka juzi. Nikasema sijui, mimi tangu nizaliwe sijawahi kushika sindano. Akanyoosha kidole kwenye mdomo wangu. Ulikuwa na uzi wa bluu.

Jioni mjane akabisha hodi. Macho mekundu. Akasema kuna mtu amemkatia okidi yake na kibarazani kumekuwa kimya. Nikampa pole. Nikalaani wezi wote wa dunia hii kwa ufasaha mkubwa. Nilipomaliza nikakohoa mara mbili, nikasema, "Naam, naam." Sina desturi ya kusema naam. Mjane akashika mlango. Akaniomba nikohoe tena. Nikakataa, nikamwambia mafua. Hakwenda kwake mara moja. Alisimama getini kitambo, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Sikupenda.

Jumanne, 11 Machi

Limefunguka la kwanza! Jeupe linaloelekea bluu, rangi ya chaki ya kuchorea kitambaa. Harufu yake si ya ua. Ni ya nguo iliyonyunyiziwa maji na kupigwa pasi ya moto. Mpya kabisa! Waamuzi watazimia.

Mapazia yote ya nyumba yamepindwa upya. Sitaki kuyazungumzia.

Baada ya chakula niliketi na mke wangu mezani. Nakumbuka nilivuta kiti. Kilichofuata sikikumbuki. Nilipopata fahamu zangu saa moja ilikuwa imepita, na yeye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama zamani. Sijui nilisema nini. Nadhani ameanza kukiona kikombe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeogopa. Naandika wazi: nimeogopa.

Nilirudi kutoka kazini mapema nikasinzia. Nikazinduka nimeketi jikoni na mkasi. Mezani kulikuwa na magazeti yaliyokatwa: mbele, nyuma, kola, mikono miwili. Gauni la mwanamke mwenye mabega membamba, mkono wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Mke wangu hayuko hivyo. Mjane ndiye yuko hivyo.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Amesema nilikuwa nikiongea kwa sauti nyembamba, ya mtu mzima mpole, nikimuuliza kama amemeza dawa ya presha. Yeye hana presha. Amesema sauti ile anaijua, ilimpima nguo yake ya harusi. Akaniambia nirudishe ule mmea leo leo.

Nikamwambia Jumapili. Kwa nini nirudishe leo wakati Jumamosi ni keshokutwa? Alifunga mlango wa chumba na kuanza kukunja nguo zake. Kikombe tu ndicho kitakachomzuia.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi wa shule. Meza ndefu, vyungu hamsini. Mmea wangu una maua tisa, yote yamegeuza nyuso zao mlangoni. Nilizungusha ubao yatazame waamuzi. Nilipogeuka, yalikuwa yametazama mlango tena.

Mwamuzi mkuu, mwalimu mstaafu wa kilimo, aliinama, akanusa, akafunga vifungo vya koti lake bila kuambiwa.

Halafu mjane akaingia. Hakutazama maua. Alinitazama mimi. Na mdomo wangu ukafunguka, ukamuuliza kama amemeza dawa. Akajibu polepole kuwa amemeza, asubuhi, na chai. Mkono wangu ukanyooka, ukamkalisha kola vizuri. Sikuweza kuuzuia! Mke wangu alikuwa pale, na mkoba wake.

Mjane akalia, si kwa hasira. Akasema miaka thelathini na nane hakuwahi kutoka nyumbani bila kukalishwa kola. Akasema hatanishtaki popote, ila nimrudishie mume wake.

Mwamuzi akauliza mmea ni wa nani. Nikataka kusema wangu. Mkono ukamwonyesha mjane. Kikombe kikaenda kwake. Mimi nimepewa cheti cha kushiriki.

Jumapili, 16 Machi

Nimekirudisha kipande. Mjane alikiweka mahali pake kwenye ubao, akakifunga kwa ukanda wa kitambaa, na nilipotazama tena sikuuona mkato. Kanyagio lilicheza kidogo. Mjane akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kuusimulia ubao habari za wiki nzima. Hakuna aliyeniaga.

Nyumbani nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Nikajichoma vidole vitatu. Alhamdulillahi! Mimi ni mimi.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu hajaondoka, lakini mkoba uko mlangoni. Asubuhi nilimwondolea Kiatu kwenye kiti ili akae, na mimi nikaondoa mfuko wa maganda kwenye kingine. Akakaa. Akasema kikombe hakitaki, hakuwahi kukitaka. Wala fundi hamtaki, Mungu amrehemu. Akasema jambo moja tu: siku zile nilikuwa namuuliza ameshindaje, halafu nasubiri jibu. Yule mgeni alimsikiliza zaidi kwa wiki moja kuliko mimi kwa miaka kumi na tisa. Angependa nimuulize mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, hata mara moja. Kweli nampenda huyu mwanamke. Sitaki aende.

Na nimemwelewa kabisa. Kile kipande kilikuwa kidogo mno! Mashina matatu yalinipa wiki moja. Mashina sita, pamoja na ubao wa kutosha, yatanifikisha uzeeni. Tena kisu hakifai kwa ubao ule, unahitajika msumeno.

Leo ni Jumanne, saa nne na robo, mjane yuko kliniki. Bosi anajua nang'oa jino la pili. Naandika haya nikiwa juu ya ukuta. Chini yangu kanyagio limeanza kwenda lenyewe, mbio mbio. Safi, mmea una afya. Nyuma yangu, dirisha la jikoni liko wazi na mke wangu bado anaongea, akidhani niko pale kwenye kiti cha pili. Ameniuliza kitu. Sasa amenyamaza, anasubiri.

Nitamjibu nikirudi.