Ncha za Kromosomu Kupunguzwa Bila Ridhaa ya Mwenye Mwili

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Poleni na kazi. Mimi ni fundi cherehani, na leo ni siku ya nne nimekalia benchi lenu nikisubiri majibu ya mke wangu, mliyemkata kipande cha uvimbe shingoni. Kwa kukosa la kufanya nilisoma bango lenu ukutani, na mtaalamu wenu wa hadubini akanifafanulia. Kwa heshima zote, nimechukizwa.

1. Seli ikitaka kugawanyika hunakili DNA yake, zile nyuzi ndefu ziitwazo kromosomu. Kazi huanza kwa kushikiza kijipande cha kuanzia, kisha kijipande hutolewa, na pale nchani hubaki pengo lisilozibika. Yaani kila nakala ni fupi kuliko iliyotangulia! Mimi nami hutoa nyuzi za kushikiza, lakini suruali haifupiki. Ningeshona hivyo, mtaa mzima ungevaa kaptula.

2. Naambiwa nitulie, ncha zina telomea, maandishi yasiyo na ujumbe yaliyowekwa yaliwe badala ya yale ya maana. Sawa, hiyo ni akiba ya pindo. Ila ikiisha, seli huacha kugawanyika. Nani aliipima akiba hiyo, na kwa futi ipi? Macho yangu yamekwisha, mke wangu ndiye anayenitilia uzi kwenye sindano. Akiondoka yeye nafunga duka, na hilo sisemi kwa mzaha.

3. Hili ndilo lililonitoa povu: kumbe fundi wa kurefusha ncha yupo! Anaitwa telomerasi. Anahudumia seli za uzazi na nyingine chache teule, zilizobaki zinaambiwa zijitegemee. Upendeleo mtupu.

4. Hivyo naomba telomerasi aruhusiwe katika seli zote za mke wangu, leo hii, zisizeeke wala zisiache kugawanyika. Za kwangu zitapanga foleni.

Nisalimie mtaalamu wa hadubini, na yule dada wa mapokezi anayeniita babu.

Wako mvumilivu,
Fundi wa benchi la mbele

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, niliitwa ndani. Ni saratani. Nilipombana mtaalamu wenu, akakiri kwamba seli za namna hiyo kwa kawaida huwa zimeshamfungulia telomerasi zenyewe, hazizeeki wala haziachi kugawanyika. Ndicho nilichoomba, neno kwa neno. Tafadhali chaneni barua hii. Atapasuliwa Jumatatu, na nitakuwa hapahapa kwenye benchi. Nawaomba kitu kimoja tu: mke wangu azeeke.