Oili Chafu, Mjomba na Mkwe

Ruangwa, Jumatatu, 7 Agosti 1950

Leo nimekabidhiwa ufalme. Mjomba Isihaka kapanda lori kwenda Lindi kung'olewa jino, na mashine yake ya kusaga kaniachia mimi, Saburi, mtoto wa dada yake. Ufunguo ninao shingoni kwa kamba. Kaniambia mbele ya Mama: akirudi Jumapili akaikuta inasaga vizuri, atavaa kanzu yake ya Idi aende mwenyewe kwa kina Sofia kuniposea. Akiikuta imekufa, nitafute mjomba mwingine. Na kwetu, asiye na mjomba wa kumsemea huzeeka kapera.

Kanionya pia kwamba mashine hunywa dizeli safi ya kwenye pipa, basi. Nikaitikia. Lakini akili yangu ilikwishafika Nachingwea, kwa Wazungu wa mradi wa karanga. Matrekta yao hubadilishwa oili kila mara, na ile chafu humwagwa shimoni. Shimoni! Mafuta ni mafuta. Mjomba akirudi atakuta Ruangwa nzima imesaga na pipa lake halijapungua hata kidole. Hapo ataniposea hata wake wawili.

Jumanne, 8 Agosti

Nachingwea, kwenda na kurudi. Vumbi hadi kwenye meno. Wa kumwomba oili ni Amri tu, kijana wa Nkowe anayeendesha trekta. Kwa bahati mbaya Amri huyu naye anamtaka Sofia. Anavaa buti hata kwenye jua kali, na hutembea kama vile nchi yote hii kailima yeye.

Madebe mawili kanipa bila kusita, tena kanisaidia kuyapandisha kwenye lori. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia. Akakuna kichwa, akasema fundi wao alikwisha kujaribu jambo hilo. Kwamba oili chafu inatakiwa ichujwe kwa kitambaa kizito, iachwe itulie siku nyingi, ichanganywe na dizeli nyingi, na hata hivyo mashine hukohoa. Nikamshukuru. Kwenye lori nikacheka peke yangu. Wivu huo, hata mtoto angeuona.

Jumatano, 9 Agosti

Kazi ya kuchuja. Kitambaa kizito sina. Nimetumia kifumbu cha Mama, kile cha kuchujia tui. Kilichobaki ndani ni tope jeusi lenye punje za chuma zinazometameta. Kumbe kifumbu ni chombo cha maana kuliko wanawake wanavyodhani. Oili nikaiacha itulie, kama Amri alivyosema. Ilitulia tangu adhuhuri hadi alasiri.

Nikaiwasha mashine kwa dizeli, ikapata moto, nikaigeuzia oili. Ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi wa kuficha msikiti. Halafu ikanguruma. Imekubali! Nimesaga magunia ya watu watatu na pipa sijaligusa tena. Nilitamani Sofia anione.

Mama anatafuta kifumbu chake. Nimemsaidia kutafuta, hadi chini ya kitanda.

Alhamisi, 10 Agosti

Manung'uniko. Mmoja anasema ugali wake unanuka trekta. Jirani kaanika shuka nyeupe, kaanua kaniki. Nimewajibu kwamba mashine ikipumzishwa siku moja harufu huisha, ila kupumzisha ndiyo siwezi. Jioni nimeona oili imebaki nyingi, nikaona nisiwe mchoyo. Tumbo la mashine, pale panapokaa oili ya kulainisha vyuma, nimelijaza hadi shingoni.

Habari kubwa ni hii. Kesho Bi Mwamini, mama yake Sofia, analeta mtama wa unyago. Mdogo wake Sofia anatolewa Jumamosi, na mwali hupakwa unga kichwani mbele ya watu wote. Unga mweupe. Unga kutoka mikononi mwangu! Hapo sihitaji hata maneno ya Mjomba.

Shida ni moja tu. Mkwe hatazamwi usoni. Najua posa bado, lakini adabu haisubiri posa. Tangu mavuno nikimwona Bi Mwamini njiani huingia porini, na mara moja niliingia kwenye upupu. Basi kesho nitasaga nikiwa nimejificha nyuma ya pipa la maji ya kupoozea.

Ijumaa, 11 Agosti

Bado nanuka moshi. Nitaandika hivyo hivyo.

Walikuja baada ya swala, Sofia na mama yake. Mimi na kanzu yangu ya Ijumaa nimechutama nyuma ya pipa. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri. Sofia akamimina mtama. Mara mngurumo ukapanda. Ukapanda tena. Ukanda ukaanza kupiga mluzi, mabati ya paa yakacheza. Nikafunga mafuta. Wapi! Ikazidi mbio, bila kupewa tone. Ilikuwa inakunywa oili ya tumboni mwake, ile niliyoijaza kwa ukarimu.

Dawa ni kuiziba pua inapovutia hewa, ife kwa kukosa pumzi. Pua iko upande wa mlangoni. Na mlangoni kasimama mkwe.

Ningefanya nini? Nikapandisha kanzu nikajifunika uso, nikatoka nikipapasa. Debe la kwanza nililipiga teke. La pili nilikalia. Nilimsikia Bi Mwamini akiniuliza iko wapi sehemu ya kuziba. Mkwe hajibiwi ana kwa ana, kwa hiyo nikamwambia Sofia amwambie mama yake kwamba ni pale, nikanyoosha kidole. Nilinyooshea ukuta. Sofia akapiga kelele nifunue uso. Nikakataa. Hata bati moja lilipochomoka, nilikataa.

Bi Mwamini akatafuta mwenyewe, akachovya gunia kwenye pipa la maji, akalisokomeza puani mwa mashine. Kimya. Kimya kibaya kuliko mngurumo.

Unga ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Wameuacha, wamekwenda kutwanga kwa vinu.

Jumapili, 13 Agosti

Mjomba karudi, shavu limevimba, limefungwa kitambaa. Akaizunguka mashine. Akajaribu kuizungusha, haikuzunguka. Pistoni imeshikamana na silinda yake kama maandazi. Pipa la dizeli limejaa, nikamwonyesha. Hakulitazama. Hakuniambia neno, na sijui kama ni jino au ni mimi. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Si kwa ajili ya mashine. Kwa ajili ya Sofia.

Alasiri Bi Mwamini akaja. Nikaruka dirishani, nikabaki chini ya ukuta nikisikiliza.

Akamwambia Mjomba kwamba jana kwenye ngoma alikuja yule kijana mwenye buti. Akamfuata yeye Bi Mwamini hadi alipokaa, akamkazia macho, akampa mkono, akamuuliza hali kama anayeuliza bei ya samaki. Na huyo eti anataka kuwa mkwewe! Wakati huyu wenu, akasema, alikuwa tayari kupasukiwa na mashine kuliko kumwangalia mkwe usoni. Ujinga mke atautibu pole pole. Ukosefu wa adabu hauna dawa.

Sofia naye katuma sharti: nisiguse mashine tena maisha yangu. Nikaapa palepale, kupitia dirishani.

Mjomba akafungua kitambaa cha shavu ili aongee. Akasema kanzu ataivaa kesho. Mwanamume wa kwetu akioa huhamia kwa mkewe, na kwa kina Sofia ni mbali na mashine yake.

Jumatano, 20 Septemba

Nimekwisha kuhamia kabla ya ndoa, nawalimia wakwe kama ilivyo desturi ya mchumba. Harusi ni baada ya Idi ya kuchinja. Mashine ya Mjomba imepona. Aliyeitengeneza ni Amri, na bado hatusalimiani. Nimemsamehe.

Kiapo changu nakishika. Mashine siigusi. Ila usiku wa harusi tutawasha karabai nne, na mafuta ya taa hayapatikani. Jana walikuwa wanakaanga korosho za kwanza za msimu. Maganda yakashika moto, yakawaka kwa muda mrefu, yanachuruzika mafuta. Mafuta! Na maganda hutupwa shimoni.

Karabai si mashine. Nimekwisha kutwanga maganda debe moja kwa kinu. Mikono inawasha na ngozi imeanza kubabuka, dalili kwamba mafuta yana nguvu. Kilichobaki ni kuchuja.

Tangu asubuhi mkwe anatafuta kifumbu chake. Safari hii siwezi kusaidia kutafuta. Adabu hainiruhusu kumkaribia.